SOMO LETU: BIA, MAABARA NA MIKONO YA MFANYAKAZI



Hapa Mutakura bia tunaijua kwa kuinywa, na wengi wetu tumekua tukiona inavyotengenezwa. Akina mama wa mitaa yetu hupika impeke ya mtama, na urwarwa wa ndizi hushuka kutoka milimani ndani ya bidoni. Upande wa kiwanda, Brarudi ilianzishwa mwaka 1955, na Primus na Amstel zinajulikana nchi nzima. Lakini tukiulizana bia huharibika kwa sababu gani, majibu huwa machache. Inafaa tujue, kwa maana bia ikiharibika wa kwanza kuulizwa ni mfanyakazi, na asiyeijua kazi yenyewe atajiteteaje?

Tuanze na nafaka. Shayiri huloweshwa mpaka iote, kisha hukaushwa kwa moto. Hicho ndicho kimea. Mpika impeke hufanya vivyo hivyo kwa mtama wake. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya, navyo hugeuza wanga kuwa sukari. Kimea kilichosagwa kikichanganywa na maji, joto hutakiwa liwe kati ya nyuzi 62 na 72 hivi. Likipita 78, vimeng'enya hufa, wala hakuna dawa ya kuvifufua. Basi ndugu anayesimama kwenye mvuke ana pishi zima mkononi mwake, hata kama kwenye karatasi ya mshahara ameandikwa kibarua.

Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa saa moja au zaidi pamoja na hopi, ua chungu la nchi za baridi ambalo pia huzuia baadhi ya bakteria. Kisha hupozwa upesi na kutiwa hamira.

Hamira ni kiumbe hai, kidogo hata hakionekani ila kwa hadubini. Hula sukari, hutoa kileo na hewa ya ukaa. Watu walipika bia maelfu ya miaka bila kulijua jambo hilo. Mfaransa Louis Pasteur alitoa kitabu juu ya bia mwaka 1876, akaonyesha kwamba bia iliyoharibika ina vijidudu vingine vilivyoingia. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza hamira safi kutokana na chembe moja tu. Katika maabara hiyo hiyo Sørensen alitunga kipimo cha pH mwaka 1909, kipimo ambacho leo hutumika hata kwa udongo wa mashamba ya chai. Wanaodharau bia kama jambo la walevi na wakumbuke hilo.

Sasa mtaelewa kwa nini urwarwa haukai siku nyingi. Hamira ya mwituni na bakteria huingia pamoja, kutoka katika unga wa mtama, chombo na hewa. Si upungufu wa ufundi. Ni kinywaji cha kunywewa mapema. Ndugu zetu wa kahawa nao wanajua kuchachusha: buni ikipitisha saa zake ndani ya maji, harufu huharibika. Bia ya kiwanda hutakiwa idumu miezi, kwa hiyo mara nyingi hupashwa moto ikiwa tayari ndani ya chupa, kwa nyuzi 60 hivi.

Maabara hupima sukari, huhesabu hamira, huonja, na hukuza bakteria kwenye visahani. Hapa tuwe macho. Bakteria huhitaji siku kadhaa ili waonekane, na majibu yakifika, zamu iliyofanya kazi ile imekwisha kusahau. Hivyo basi kila zamu iandike daftari: saa, joto, namba ya tangi, nani aliosha na kwa dawa gani. Daftari ndilo shahidi wetu. Mpira wa maji ambao haukuoshwa vizuri unaweza kuharibu tangi zima, na bila daftari lawama humwangukia yule mwenye cheo kidogo.

Jambo zito kuliko yote ni tangi lenyewe. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini, wala haionekani. Ikifika sehemu 10 katika 100, mtu huzirai kwa dakika chache. Msiamini mshumaa: unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa imekwisha kuwa ya hatari. Na mara nyingi anayefuata kumwokoa mwenzake hufa naye. Tangi lipulizwe hewa safi, lipimwe kwa chombo, pawe na ruhusa ya maandishi, na mtu asimame nje ameshika kamba. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa ya papo hapo, kwa sababu za haki, alindwe asiadhibiwe.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi: Mahali penu pa kazi, daftari la zamu hukaa kwa nani, na je, mnaruhusiwa kulisoma? Kabla ya mtu kuingia tangini au shimoni, nani hupima hewa? Chombo cha kupimia kipo, na kinafanya kazi?