UGONI: MUME NA MKE WANA HAKI SAWA



Jioni moja, baada ya kisomo, mama mmoja alituuliza: “Mwalimu, mume akimfumania mkewe, anadai ugoni. Na mimi je? Mume wangu akifumaniwa ninyamaze tu?”

Wanaume walicheka. Mama hakucheka. Basi leo tusome jibu lake.

Zamani, kwa mila za makabila mengi, aliyedai ugoni alikuwa mume. Mke aliambiwa avumilie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ilibadili jambo hilo. Inasema kwamba mume au mke anaweza kumdai fidia mtu yeyote aliyezini na mwenzake wa ndoa. Hapo wote wawili wako sawa.

Tukumbuke mambo manne:

1. Anayedaiwa fidia ni yule mgoni, siyo mume wako wala mke wako.

2. Dai hukataliwa kama wewe mwenyewe uliridhia jambo hilo. Pia hukataliwa kama mgoni hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua, kwamba mwenzako ana ndoa.

3. Fidia siyo adhabu. Mahakama ndiyo hupanga kiasi chake. Huangalia mila za wahusika, na kama mume na mke walikuwa wakiishi pamoja au mbalimbali.

4. Usipige. Sheria hiyo inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mume au mke kwa kumpiga. Ukishika panga kwa hasira, utakwenda jela wewe, na watoto watabaki na njaa.

Je, ndoa imekwisha? Si lazima. Uzinzi, hasa ukiendelea baada ya kukatazwa, unaweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Lakini kwa kawaida, kabla ya kuomba talaka mahakamani, shauri hupelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Na mali je? Mali mliyochuma pamoja mahakama inaweza kuigawa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa hiyo, mama, kupika na kulea ni kuchuma.

Yule mama tulimjibu hivi: “Usinyamaze. Sheria inakusikia kama inavyomsikia mumeo.” Safari hii hakuna aliyecheka.

MASWALI
1. Nani anaweza kudai fidia ya ugoni?
2. Kwa nini kupiga hakusaidii?
3. Baraza la kwenu liko wapi?