SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: SAMAKI YUPI ACHUKULIWE NA YUPI AACHWE

Heru Juu, katika nyanda za juu za Kasulu, haina ziwa. Hata hivyo dagaa na migebuka kutoka Kigoma ni kitoweo cha kawaida katika nyumba nyingi za huko, na wanachama kadhaa wamechimba mabwawa ya samaki mabondeni. Pamoja na hayo, wapo wanaodhani kuwa sheria za uvuvi ni mambo ya watu wa mwaloni tu, na kwamba mkulima wa kahawa na maharage hazimhusu. Dhana hiyo si sahihi, na yaweza kukitia chama hasara. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake haimwangalii mvuvi peke yake. Anayesafirisha na anayeuza samaki wasioruhusiwa naye huulizwa.

Lengo la somo hili ni kumsaidia katibu na mwanachama kujua ni samaki gani wa kuchukuliwa, ni wa kuachwa, na uamuzi huo hufanywa wakati gani.

1. Samaki mdogo na samaki mchanga

Jambo la kwanza ni kutofautisha samaki mdogo na samaki mchanga. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni mdogo kwa maumbile. Akiwa mzima kabisa hulala katika kiganja cha mkono, hukomaa upesi, na maisha yake ni mafupi. Kumvua dagaa mzima si kosa wala si uharibifu.

Mgebuka ni habari nyingine. Mgebuka aliyekomaa hupita urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Basi mgebuka aliye sawa na dagaa kwa urefu bado ni mtoto, hajapata kutaga hata mara moja. Anayewavua wachanga kwa wingi hula mbegu kabla ya kupanda, na kila mkulima anajua mwisho wa jambo hilo.

Ndiyo maana kanuni hutaja aina ya samaki pamoja na kipimo chake. Katika Ziwa Victoria, kwa mfano, sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi. Kipimo huanza mdomoni na kuishia ncha ya mkia. Kanuni za sangara ziliwahi pia kuweka kikomo cha juu cha sentimita 85, kwa sababu jike mkubwa hubeba mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa.

2. Uamuzi hufanywa kabla samaki hajafa

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo hutumika kwa malezi ya watoto, lakini inafaa pia kwa uvuvi. Samaki akishafika kwenye kichanja cha kukaushia, hakuna tena la kuamua juu yake. Uamuzi wa kweli hufanywa mvuvi anapochagua wavu wake, mahali pa kuutega, na majira ya kuvua.

Kwa sababu hiyo sheria hukataza kokoro linaloburutwa pwani, maana hukomba mazalio na vifaranga pamoja. Hukataza pia sumu na baruti, ambazo hazichagui mkubwa wala mdogo. Aidha hupanga ukubwa wa tundu la wavu, ili samaki mchanga apite mwenyewe bila kungojea huruma ya mvuvi.

Kadhalika majira yana kazi yake. Kambale hupanda na maji ya mafuriko kwenda kutaga katika mabonde yenye majani, kama yale ya Mto Malagarasi. Anayeziba mkondo wakati huo kwa mitego huwakamata wazazi wakiwa na mayai. Ngege jike naye huatamia mayai na vifaranga kinywani, hata akivuliwa huenda na kizazi chake chote.

Katika mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Ziwa hilo ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Hatua ya namna hiyo hugusa mfuko wa chama cha bara pia. Chama kinachofanya biashara ya samaki hakina budi kuweka akiba mapema, na kisiahidi wateja mzigo ambao hautapatikana.

3. Mfano wa kujadili: magunia kumi

Tuchukue mfano wa chama cha nyanda za juu kilichotuma mjumbe Kibirizi, Kigoma, kununua magunia kumi ya dagaa wakavu kwa fedha za hisa za wanachama. Mzigo unapofunguliwa, katika magunia sita wanaonekana migebuka wachanga wachache waliochanganyika. Magunia manne yamejaa hao wachanga.

Katika mkutano, mwanachama mmoja anasema: "Samaki amekwisha kufa. Kumkataa si kumfufua. Tuuze, fedha yetu irudi." Mwingine anasema yote kumi yarudishwe. Wa tatu anauliza ni nani aliyemwagiza mjumbe anunue bila kufungua magunia.

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Migebuka hufuata dagaa, na taa ya usiku huwavuta wote wawili. Wachache kuchanganyika si ajabu. Gunia zima la wachanga, hata hivyo, ni dalili ya wavu usiofaa. Chama kikiliuza kimyakimya hujitia katika kosa, na mwenye gunia hilo ataleta jingine, maana amekwisha kuona kuwa linalipwa.

Hatua ya busara ni kuyatenga magunia manne, kumwita Afisa Uvuvi na kufuata maelekezo yake, kisha kumdai muuzaji kwa stakabadhi. Kama stakabadhi haikutaja aina ya samaki, hasara itabaki kwa wanachama. Hapo ndipo swali la mwanachama wa tatu linapopata uzito wake.

4. Bwawani mambo hugeuka

Mwenye bwawa la perege au sato akifuata kanuni ya ziwa neno kwa neno, atakosea. Ziwani wachanga huachwa. Bwawani wachanga wakiachwa wote hujaa, hugombania chakula, hudumaa, na huanza kuzaa wakiwa wadogo. Baada ya miezi mwenyewe huvuna samaki wengi wasiozidi kidole.

Kosa la pili ni la kawaida zaidi. Kila mgeni afikapo, mkubwa hutolewa na kuliwa, na waliodumaa hubaki kuwa mbegu. Kizazi kinachofuata hutokana na hao.

Siku ya mavuno, samaki wagawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la wazazi: wachaguliwe kati ya waliokua upesi kuliko wenzao wa umri mmoja, majike watatu kwa dume mmoja. Fungu la pili ni la kula na kuuza. Fungu la tatu ni vifaranga: wahesabiwe wanaotosha bwawa, na waliozidi wauzwe kwa wafugaji wengine au waliwe. Samaki kutoka maji mengine wasiletwe bwawani bila idhini ya Afisa Uvuvi.

5. Wajibu wa katibu

(a) Kuandika katika kila hati ya ununuzi aina ya samaki, uzito, mwalo na jina la muuzaji.
(b) Kuhakikisha mjumbe anafungua gunia na kulikagua hadi chini kabla ya kulipa.
(c) Kupata kwa Afisa Uvuvi kanuni zinazotumika wakati huo, kwa kuwa hubadilishwa mara kwa mara, na kuzisoma mbele ya wanachama.
(d) Kuuliza mapema tarehe za kusimamisha uvuvi na kuziingiza katika makisio ya mwaka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini dagaa wa urefu wa kidole aruhusiwe, na mgebuka wa urefu huo huo alindwe?
2. Katika mfano wa magunia kumi, hasara ya magunia manne ibebwe na nani: mjumbe, bodi au wanachama wote? Toeni sababu.
3. Chama chenu kingefanya nini endapo mzigo usingepatikana kwa miezi mitatu?
4. Mwanachama mwenye bwawa aeleze alivyochagua mbegu katika mavuno yaliyopita, na wenzake wamshauri.