Siku ya yenga juu ya kinga: njia pasipo makamio



Katika vitabu vya Kiswahili, «kinga» ni kitu kinachozuia ubaya usimufikie mutu. Kaske ni kinga ya kichwa, chanjo ni kinga ya mwili. Lakini hapa Lubumbashi kinga ni chombo cha magurudumu mawili, kile unachopanda kwenda kazini ao sokoni. Somo la leo linataka kuziunganisha maana hizi mbili: namna gani kinga ya magurudumu inaweza kuwa kinga ya afya yako, na namna gani isigeuke musiba kwa jamaa yako.

1. Faida yake

Wengi wetu tunakaa saa 8 juu ya mashini, tunarudi nyumbani tumechoka mugongo, lakini moyo na miguu havikufanya kazi. Shirika la Afya la Dunia linashauri mutu muzima afanye mazoezi ya kadiri dakika 150 mupaka 300 kila juma. Safari moja ya saa 2 kwa kinga siku ya yenga, na safari fupi moja ao mbili katikati ya juma, zinatosha. Damu inatembea vizuri, sukari ya damu inashuka, usingizi unakuwa mutamu.

Lakini tusidanganyane. Hewa safi ya pori haiondoi mavumbi yaliyokwisha kuingia katika mapafu. Ukiwa na kikohozi kisichokwisha ao pumzi fupi, njoo kwanza kwa muganga. Na ukitoka kazi ya usiku, lala. Mutu mwenye usingizi juu ya kinga ni kama mulevi.

2. Chagua njia

Barabara kubwa ya Likasi na ile ya Kasumbalesa si mahali pa matembezi. Makamio yanapita muchana na usiku yakibeba shaba, kobalti, asidi na mafuta. Fanya hesabu hii: kamio inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu metre 17 katika sekunde moja tu, mbele ya muguu wa dereva haujagusa freni. Katika dunia nzima, mwaka 2021, ajali za barabarani ziliua watu karibu 1 190 000, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu wa miguu, wa kinga na wa pikipiki. Wewe huna kabati ya chuma ya kukulinda.

Basi fuata vijia vya mabonde. Muto Lubumbashi unaingia katika Kafubu, na Kafubu unakwenda Luapula. Upande mwingine Lufira unakwenda Lualaba. Katika mabonde haya kuna vijia vya wakulima na vya wauza makala ambamo magari hayapiti. Ukikutana na mutu wa makala mwenye kusukuma mifuko mikubwa, mupishe yeye kwanza: muzigo wake hausimami upesi, na yeye yuko kazini wakati wewe unapumzika.

Kumbuka mambo mawili ya bonde. La kwanza: kushuka ni rahisi, kurudi ni kupanda. Geuka ungali na nusu ya nguvu na nusu ya maji. La pili: wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka mara nyingi kusini-mashariki. Anza safari ukielekea upepo, hivi utakusukuma wakati wa kurudi.

3. Mbele ya kutoka

– Jaribu freni zote mbili, kaza nati za magurudumu, tia mafuta katika munyororo, bonyeza mipira. Beba pompa, kiraka na funguo.
– Vaa kaske ya kinga kama unayo, na nguo yenye rangi inayoonekana mbali.
– Beba maji litre 2 kwa safari ya nusu siku, ndizi na karanga. Pombe ibaki nyumbani.
– Ambia bibi yako ao jirani njia utakayopita na saa ya kurudi. Usiende peke yako.

Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ni baridi. Vaa koti, uitoe jua likipanda. Mwezi wa 10 joto ni kali. Toka saa 12 asubuhi, uwe umerudi mbele ya saa 5. Mwenzako akianza kuumwa kichwa, kutapika ao kusema ovyo kwa sababu ya jua, mulaze kivulini, mwage maji mwilini, mupepee, na mumupeleke upesi kwa muganga. Mutu asiyesikia vizuri usimunyweshe chochote. Kwa mwenye kuhara anayeweza kunywa, tengeneza maji haya: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Wakati wa mvua, radi ikikaribia, shuka, iache kinga, usisimame chini ya muti ulio peke yake wala usipande juu ya kichuguu. Chuchumaa mahali pa chini, miguu pamoja, na mukae mbalimbali.

4. Maji yanayolala

Baada ya jasho, muto unakuita. Fikiri kwanza. Katika maji yanayolala, yenye majani na konokono ndogo, kuna bilarziozi, yaani kichocho. Ugonjwa huu unajulikana tangu zamani kando ya Lufira, upande wa Kapolowe. Kadudu kake kanaingia kwa kupenya ngozi. Si lazima unywe maji. Kutia miguu kunatosha. Ukiona damu katika mukojo ao katika choo, ao tumbo likiuma siku nyingi, usingoje: kuna dawa, na inaponyesha. Kutoogelea ni rahisi zaidi kuliko dawa.

5. Hewa inayoua pasipo harufu

Sehemu hii usome mara mbili. Wengine kati yetu wana jamaa Goma na kando ya ziwa Kivu. Inchi ile ni ya milima ya moto. Nyiragongo ilitapika tarehe 17 Januari 2002, moto wake ukaingia katikati ya muji; ilitapika tena tarehe 22 Mei 2021. Huko watu wanabeba mizigo kwa chukudu, kinga ya mbao isiyo na pedali, juu ya mawe meusi yaliyokuwa moto. Ngambo ya mupaka, katika Rwanda, kuna njia ya kilometa 227 kando ya ziwa, toka Rubavu mupaka Rusizi, ambamo watu wanatembea kwa miguu na kwa kinga. Wakati wa vita si wakati wa matembezi. Lakini somo la inchi ile linatufaa hata hapa.

Wenyeji wa Goma wana neno «mazuku». Ni mashimo na mabonde madogo ambamo gazi inatoka chini ya udongo na kulala. Gazi hiyo ni gazi ya kaboni, ile ile tunayotoa kwa pumzi. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa chini kama maji katika bakuli. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala, inajaa. Jua na upepo vikianza inapungua. Ikifika sehemu 10 katika 100 za hewa, mutu anazimia kwa dakika chache. Ikizidi sana, anaanguka mara moja. Katika Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, gazi hii ilitoka katika ziwa Nyos, ikashuka kwa kufuata mabonde, ikaua watu karibu 1 700.

Sisi hatuna mulima wa moto, lakini tuna mashimo: visima vya zamani, vyoo virefu, mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa porini. Hewa yake imeoza, oksijeni imekwisha. Mutu wa kinga anaona shimo, anataka kujificha mvua, ao kofia yake imeanguka ndani. Usishuke! Ukiona ndege ao panya wamekufa katika bonde dogo, rudi nyuma, panda juu, upande upepo unakotoka.

Na kama mwenzako ameanguka ndani? Hapa ndipo musiba unapozidi. Wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumuokoa, wa tatu anamufuata, na wote wanabaki chini. Wewe wa mugodi unajua sheria: hakuna kushuka pasipo hewa kupimwa na pasipo kamba. Sheria hiyo haiishi kwenye mulango wa kompani. Ita watu, tupa kamba kama bado anasikia, tafuta wenye vyombo vya kupumua. Kutoshuka si woga. Watoto wako wanakungoja pia.

6. Maulizo ya kujipima

Jibu pamoja na jamaa yako:
– Kamio ya kilometa 60 kwa saa inapita metre ngapi katika sekunde 1?
– Kwa nini tunaanza safari tukielekea upepo?
– Namna gani kichocho kinaingia mwilini?
– Gazi ya kaboni inalala juu ao chini? Saa gani ni ya hatari zaidi?
– Mwenzako ameanguka katika shimo: utafanya nini kwanza?

Kama hukuweza kujibu ulizo la mwisho, soma tena sehemu ya 5 mbele ya kupiga pompa. Kisha panda, ndugu, na utembee vizuri. Tunapenda kukuona siku ya kwanza ya juma kazini, si kwenye kitanda cha lupitalo.