Kompyuta ya Shule Ikigoma Kuwaka

Shule nyingi za hapa Marekani humkabidhi mwanafunzi kompyuta mpakato, mara nyingi Chromebook. Ikigoma kuwaka, simu yangu huita: wazazi wenzangu waliotoka Kongo na Burundi wanaogopa kulipishwa, na mtoto ana kazi ya kuwasilisha kesho yake. Huwa nawatuliza kwanza, maana nyingi kati ya hizo hazijafa. Zimeishiwa umeme tu.

Anza na chaja. Chromebook nyingi huchajiwa kwa tundu la USB-C, lile lile la simu, kwa hiyo watoto huchomeka chaja ya simu. Chaja ya Chromebook mara nyingi ni ya wati 45. Za simu nyingi hazifiki hapo, na betri iliyokauka kabisa baada ya likizo ndefu inaweza isishtuke hata kidogo. Tafuta chaja yake yenyewe, ichomeke kwenye soketi ya ukutani unayojua ina umeme, uiache nusu saa bila kubonyeza chochote. Tazama kitaa kidogo kando ya tundu. Kisipowaka, jaribu tundu la upande wa pili kama lipo. Watoto huibeba kompyuta ikiwa bado imechomekwa, matundu yakalegea.

Kitaa kikiwaka lakini skrini ni nyeusi, mulika tochi ya simu kutokea pembeni. Ukiona maandishi hafifu, kompyuta inafanya kazi, kilichokosekana ni mwanga wa skrini. Bonyeza kwanza kitufe cha kuongeza mwanga.

Bado? Dawa ninayoiamini kuliko zote ni hii: shikilia kitufe chenye mshale unaozunguka, kile cha safu ya juu, gonga kitufe cha kuwashia, kisha achia mshale kompyuta ikianza. Baadhi ya faili za kwenye folda ya Downloads huweza kupotea. Zilizo Google Drive zinabaki salama.

Likitokea tangazo kwamba mfumo haupo au umeharibika, hapo mimi huishia. Kurudisha mfumo hufuta kila kilichohifadhiwa ndani ya mashine, na mashine ni mali ya shule. Mwachie fundi wao aamue. Ikimwagikiwa juisi pia, chomoa chaja, usiiwashe tena. Na bisibisi usiiguse kabisa, tafadhali.

Andika kwenye karatasi namba ya stika iliyo chini ya kompyuta, rangi ya kitaa, na yote uliyokwisha kujaribu. Mtoto apeleke kompyuta na karatasi hiyo shuleni asubuhi inayofuata, aombe na nyingine ya kuazima. Shule nyingi huwa nazo za akiba.