SOMO LETU: DAWA YA BURE HAIJIPELEKI MDOMONI



Huko Pwani, wagawaji wa dawa za matende wakibisha hodi, hukutana na maswali mawili. La kwanza: "Mimi si mgonjwa, nimeze dawa ya nini?" La pili: "Kwani ni nani anayetoa kitu bure siku hizi?" Hayo si maswali mabaya. Mtu asimeze kitu asichokielewa. Basi tuyajibu.

Matende hutoka wapi?

Si uchawi, wala si kukanyaga kitu kilichotegwa njiani. Huletwa na minyoo wembamba kama uzi. Mbu akimuuma mtu mwenye minyoo hao, hunyonya watoto wao pamoja na damu, kisha baadaye humwambukiza mwingine. Minyoo wakubwa huishi mwilini miaka 6 hadi 8, wakiziba na kuharibu mishipa ya maji ya mwili. Mwishowe mguu huvimba, au mwanamume hupata busha.

Shikeni jambo hili: uvimbe huja baada ya miaka mingi. Kabla ya hapo mtu hulima, huvua samaki na kucheza ngoma, kumbe minyoo wamo, na mbu wanawasambaza kwa majirani na watoto wake mwenyewe. Ndiyo sababu hata asiyeumwa hupewa dawa.

Nani anatoa?

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kutoa bure dawa ya ivermectin kwa upofu unaoletwa na inzi wadogo wa mtoni. Mwaka 1998 ilianza kuitoa kwa matende pia. Mwaka huohuo SmithKline Beecham, ambayo leo ni GSK, iliahidi albendazole. Tangu 2013 kampuni ya Eisai ya Japani imetoa dawa ya DEC kupitia Shirika la Afya Duniani. Kampuni hizi hupata sifa njema, hilo si siri. Lakini wewe hudaiwi hata senti.

Zawadi inapokwama

Kenya ilianza kugawa dawa hizi Kilifi mwaka 2002. Baadaye kukawa na miaka kadhaa iliyopita bila ugawaji. Vidonge vilikuwa vya bure, lakini gari, mafunzo na posho ya wagawaji si vya bure. Minyoo nao hawakungoja. Mwaka 2018, Lamu na Jomvu walipewa dawa zote tatu kwa pamoja ili kuharakisha kazi. Inawezekana: Togo mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020 zilithibitishwa kuwa matende si tatizo tena la afya ya umma huko.

Hesabu ya kijiji

Kwa dawa mbili, lazima angalau watu 65 katika kila 100 wameze kila mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano. Dawa huua zaidi minyoo wachanga, na wakubwa huendelea kuzaa. Ndiyo sababu hurudiwa. Kijiji cha watu 400 kinahitaji watu 260. Wakimeza 150 tu, ugonjwa utaendelea kuzunguka.

Semeni ukweli mapema

Wajawazito, watoto wadogo sana na wagonjwa mahututi hawapewi. Wengine hupata homa kidogo, kichwa kuuma au kizunguzungu kwa siku moja au mbili, hasa minyoo wanapokufa. Ikizidi, mtu aende zahanati. Asiyeambiwa haya atatangaza sokoni ati dawa ni sumu.

Pia msiahidi kwamba mguu uliokwisha kuvimba utarudi kama zamani. Huo uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushwe vizuri hata kati ya vidole, uinuliwe wakati wa kupumzika, na uvishwe kiatu kisichobana. Busha hupasuliwa hospitalini. Msimfiche mgonjwa wala kumcheka.

Kazi ya kikundi

1. Andikeni watu wa kila nyumba kabla ya siku ya ugawaji.
2. Wagawieni wanakikundi nyumba kumi kumi za kutembelea pamoja na mhudumu wa afya.
3. Rudini jioni kwa wavuvi, wachungaji wa mifugo na vijana ambao hawakuwepo mchana.
4. Kidonge kimezwe mbele ya mgawaji, si kuwekwa kabatini.
5. Laleni ndani ya neti, na fukieni madimbwi.

Maswali ya kujadiliana

Mara ya mwisho dawa ilipokuja, ni nyumba gani zilirukwa, na kwa nini? Nani kijijini anaaminiwa na wale waliokataa? Je, kikundi chetu kinaweza kulipa nauli ya mgawaji mmoja kwa siku moja?

Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, iandikeni hiyo nauli katika kitabu cha mweka hazina leo leo, kabla mkutano haujafungwa.