Kusawazisha Picha ya Televisheni na Hatima ya Dhamana

Mtu anunuapo televisheni mpya hupewa pamoja nayo karatasi ya dhamana. Katika karatasi hiyo mtengenezaji huahidi kwamba kasoro itokanayo na vifaa au uundaji wa chombo itaondolewa bila malipo kwa muda uliotajwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, hutajwa mambo yasiyodhaminiwa: kuanguka, radi, maji, matumizi mabaya, na mabadiliko yaliyofanywa na mtu asiyeidhinishwa. Neno hilo la mwisho ndilo humtia wasiwasi mwenye televisheni anayetaka kumwita mtaalamu wa kusawazisha picha. Je, kazi ya mtaalamu huyo ni "mabadiliko"? Ikiwa ndivyo, kisha kioo kikafa baada ya mwezi mmoja, gharama itamwangukia yeye. Na bei ya kioo kipya mara nyingi hukaribia bei ya chombo kizima.

Inafaa ieleweke kwanza ni kazi gani inayofanywa. Rangi zote za televisheni huundwa kwa nuru tatu: nyekundu, kijani na buluu. Tone dogo la maji likidondoshewa juu ya kioo kinachoonyesha weupe, hukuza kama lenzi, na nuru hizo huonekana kila moja peke yake. Watengenezaji wa filamu na vipindi hutumia weupe wa aina moja uliokubaliwa kimataifa, unaoitwa D65, ambao unakaribia nuru ya mchana yenye joto-rangi la kelvini 6500. Lakini televisheni nyingi dukani huwekwa ziwe kali na zenye ubuluu, kwa kuwa picha ya namna hiyo huvuta macho ya wanunuzi. Mtaalamu huweka kipimarangi mbele ya kioo, huonyesha viraka vya kijivu na vya rangi, kisha hupunguza au kuongeza kila nuru mpaka vipimo vikubaliane na kanuni.

Hesabu ndogo yaonyesha kwa nini jicho peke yake halitoshi. Kwa kanuni iitwayo BT.709, mng'ao wa weupe ukiwa 1, kijani huchangia 0.7152, nyekundu 0.2126, na buluu 0.0722 tu. Buluu ikizidi kwa sehemu moja ya tano, mng'ao huongezeka kwa 0.0144, yaani asilimia 1.4 hivi. Mtazamaji hataona kwamba kioo kimeng'aa zaidi, ila nyuso za watu zitapauka.

Zamani kazi hii ilikuwa ya hatari. Televisheni za rangi za tyubu zilikuwa na volti zipatazo 25,000 ndani yake, na skrubu nyingi za marekebisho zilikuwa nyuma ya kifuniko. Volti hiyo ikipandishwa kupita kiasi, tyubu na sehemu nyingine huweza kutoa miali ya eksirei. Ndiyo maana Marekani ilitunga sheria ya kudhibiti miali ya vyombo vya elektroni mwaka 1968. Mtengenezaji aliyekataa kudhamini chombo kilichofunguliwa na mtu asiyejulikana alikuwa na sababu.

Leo mambo ni tofauti. Marekebisho mengi ya weupe na rangi yamo katika orodha ya kawaida ambayo mwenye chombo huifikia kwa rimoti. Mtengenezaji ameyaweka humo ili yatumiwe, na kuyatumia ni matumizi tu, awe ni mtaalamu au mwenye nyumba. Orodha ya mafundi ni jambo jingine. Hiyo hufunguliwa kwa vitufe vya siri, na ndani yake mna namba zinazoiambia mashine aina ya kioo ilichonacho. Namba moja ikikosewa, picha yaweza kupotea kabisa, na hapo mtengenezaji atakuwa na hoja. Mtaalamu makini huandika namba zote za awali kabla ya kugusa hata moja.

Nchini Marekani, sheria ya dhamana iitwayo Magnuson-Moss, ya mwaka 1975, humkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwa kumlazimisha mnunuzi kutumia huduma ya kampuni fulani tu, isipokuwa huduma hiyo ni ya bure au tume ya biashara ya nchi hiyo imeruhusu. Mwaka 2018 tume hiyo ilizionya kampuni sita kuhusu masharti ya namna hiyo. Hata hivyo, mtengenezaji hukubaliwa kukataa hitilafu iliyosababishwa na kazi ya mtu mwingine. Sheria hiyo haivuki mipaka ya Marekani. Kwingineko mnunuzi hutegemea sheria ya nchi yake na maneno ya karatasi aliyopewa.

Kwa hiyo swali la msingi ni la chanzo: ni nini kilichosababisha hitilafu? Kwa kawaida usawazishaji hushusha mng'ao na ubuluu, na kwa hiyo huupunguzia mzigo mtambo. Vioo vya OLED, ambavyo huchakaa kwa kadiri vinavyong'aa, hunufaika hasa. Lakini kivuli cha picha kilichoganda juu yake hutolewa nje ya dhamana nyingi, kioo kiwe kimesawazishwa au la.

Limebaki jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Kioo kikibadilishwa chini ya dhamana, vipimo vya zamani havikifai kipya, kwa maana vioo viwili havifanani kabisa. Mtengenezaji atalipia kioo. Kazi ya kusawazisha upya hailipii.