UFAHAMU: NDEGE INAPOMPONYOKA RUBANI

Swali la ufahamu huonekana jepesi, na hapo ndipo watahiniwa wengi wanapodondosha alama. Soma kifungu kifuatacho mara mbili kabla hujaandika chochote. Mara ya kwanza pata habari. Mara ya pili tafuta sababu.

Kifungu

Watu wengi hudhani kwamba ndege ikishagusa ardhi hatari imekwisha. Kwa rubani wa ndege ndogo yenye gurudumu la mkiani, kama Piper Cub, kazi ndiyo kwanza inaanza. Ndege ya aina hiyo ina magurudumu mawili makubwa mbele na moja dogo chini ya mkia. Uzito wake mwingi uko nyuma ya yale makubwa. Vuta kamba mchangani: itakufuata ikiwa imenyooka. Sasa isukume kutoka nyuma: itajikunja mara moja. Ndege hii ni kama kamba inayosukumwa.

Tuseme upepo unavuma kutoka kushoto. Ndege inapotua, upepo unausukuma mkia kwenda kulia, na pua inageukia kushoto, kidogo tu. Rubani akikanyaga pedali ya kulia papo hapo, usukani wa mkia utairudisha ndege kwenye mstari. Akichelewa, ule uzito wa nyuma, ambao bado unakwenda mbele, unataka kuyapita magurudumu. Kadiri ndege inavyogeuka ndivyo msukumo huo unavyozidi. Wakati huohuo mwendo unapungua, hewa inayopita mkiani inapungua, na usukani unakosa nguvu pale unapohitajika zaidi. Ndege inazunguka na kuegemea upande wa nje. Bawa la kulia linaweza kugonga ardhi, na miguu ya magurudumu kuvunjika. Ndiyo maana marubani hawa hufundishwa kutoziachia pedali mpaka ndege isimame kabisa.

Ndege zenye gurudumu la tatu puani, kama Cessna 172 iliyoanza kuuzwa mwaka 1956, zina uzito mwingi mbele ya magurudumu makubwa, hivyo huelekea kujinyoosha zenyewe. Hata hizo humponyoka rubani akitua kwa kasi mno, au gurudumu la pua likitangulia kugusa ardhi.

Tujibu pamoja

(a) Kwa nini ndege ya kwanza inazunguka? Wengi wataandika “kwa sababu ya upepo” na kuhamia swali linalofuata. Jibu hilo ni nusu. Upepo umeanzisha, kilichoendeleza ni uzito wa nyuma na rubani kuchelewa. Rudi kwenye neno “akichelewa” katika aya ya pili. Kiambishi -ki- hapo kinaonyesha sharti, na sharti hilo ndilo linalotenganisha kutua salama na ajali. Ukiliruka, hujakielewa kifungu.

(b) Eleza maana ya “humponyoka” kama lilivyotumika. Usikimbilie “kupona”, hata kama maneno yanafanana sura. Maana yake ni hutoka katika udhibiti wake, kama samaki anavyochoropoka mkononi.

(c) Tofautisha “Tuliona ndege wakitua” na “Tuliona ndege zikitua”. Wa kwanza ni viumbe wenye manyoya. Za pili ni vyombo vya usafiri. Upatanisho wa kisarufi ndio uliokuambia. Ukisema “Tuliona ndege” ukaishia hapo, sentensi ina utata.

(d) Fupisha aya mbili za kwanza kwa maneno yasiyozidi 30. Jaribu mwenyewe kwanza, kisha linganisha na hili:

Ndege yenye gurudumu la mkiani ina uzito mwingi nyuma ya magurudumu makubwa. Upepo ukiigeuza kidogo na rubani akachelewa kuirekebisha, uzito huo huizungusha zaidi huku usukani wa mkia ukipoteza nguvu.

Hayo ni maneno 29. Kamba ya mchangani haimo, kwa kuwa mfano hufafanua hoja, wenyewe si hoja.